Neno la Juma Hili: Kishindo cha Bunduki Siyo Mauti ya Mnyama

Juma lililopita nilipokea barua ya mkulima mmoja akaaye kando ya nyika ya Taita, aniombaye nimwamulie shauri lililozuka baina yake na jirani yake, ambaye ni karani wa chama cha ushirika. Kwa muda wa siku tatu nyati dume mzee alikuwa akiingia katika mashamba yao. Alikanyaga mahindi, akavunja ua, na siku ya tatu akamfukuza mama mmoja aliyekwenda kuteka maji. Wakapeleka habari, na askari wa wanyamapori akatumwa.

Askari huyo alifika jua likikaribia kuchwa, naye amechukua bunduki ya kipenyo cha .375 ya inchi, kitako chake kimechakaa. Nyati alionekana ng'ambo ya korongo, umbali wa yadi 200 hivi, amewapa watu mgongo. Watu wakapiga kelele, "Mpige! Mpige!" Askari hakupiga. Aliketi juu ya jiwe mpaka giza likaingia, akaenda kulala kwa mzee wa kijiji, na alfajiri akaanza kufuata nyayo. Alimkaribia nyati kwa hatua 35, akangoja mpaka mnyama alipogeuka ubavu, akapiga risasi moja. Nyati alikimbia mwendo mfupi, akaanguka, akalia mara moja, akafa.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Karani alisema kwamba askari alikuwa mwoga, na ya kuwa Serikali ilimpa bunduki hafifu. Alisema kwamba amesoma kitabuni habari za bunduki nyingine zenye nguvu nyingi zaidi, na lau askari angalipewa mojawapo angalimwangusha nyati jioni ile ile, hata akimpiga wapi. Mkulima alijibu kwamba yeye hajui hesabu za bunduki, lakini alimwona nyati amekufa na hakuna mtu aliyeumia. Sasa auliza, ni nani mwenye haki?

Kabla sijajibu, yafaa niseme neno moja ili nisidhaniwe vibaya. Katika nchi yetu uwindaji wa wanyama wakubwa kwa mchezo ulipigwa marufuku mwaka 1977, na siandiki ili kumfundisha mtu kuvunja sheria. Lakini askari wa wanyamapori hulazimika mara kwa mara kumuua mnyama aliyehatarisha watu, naye hufanya hivyo kwa ajili yetu. Tena katika nchi jirani ya Tanzania uwindaji wa leseni bado upo. Basi ni vyema tufahamu jinsi kazi hiyo ifanywavyo kwa haki, kwa maana mnyama aliyejeruhiwa vibaya hajui mpaka wa mbuga wala mpaka wa shamba.

Tuanze na hesabu za karani, kwa kuwa si uongo. Waundaji wa bunduki hupima risasi kwa njia hii: huchukua uzito wake, huuzidisha kwa mwendo wake, huzidisha tena kwa mwendo ule ule, kisha hugawanya kwa mbili. Jawabu lake ndilo nguvu ya mwendo, ambayo vitabu vya shule huiita nishati, na kipimo chake ni jouli. Risasi ya bunduki kubwa iitwayo .470 Nitro Express, ambayo wawindaji wengi wa Afrika Mashariki waliipenda kwa ndovu na nyati, ina uzito wa gramu 32 na kidogo, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 655 kwa sekunde. Nguvu yake ni karibu jouli 6,900. Ile ya .375, kama ya askari wetu, yenye risasi ya gramu 19 na nusu hivi, hupata karibu jouli 5,700. Kwa hiyo karani asema kweli kwamba ziko bunduki zenye tarakimu kubwa zaidi.

Lakini tarakimu hiyo ni kitu gani hasa? Tuipeleke jikoni. Chukua kikombe kimoja cha maji, robo ya lita. Ukiweza kuigeuza nguvu yote ya risasi ile ya .470 kuwa joto, na kulitia joto hilo lote katika kikombe kile, maji yatapata joto la digrii 6 au 7 tu. Hata chai hayatafaa. Tena tuseme risasi hiyo imempiga nyati mwenye uzito wa kilo 700, ikabaki yote mwilini mwake. Msukumo wake waweza kumsogeza nyati huyo kwa mwendo wa sentimita 3 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa kinyonga. Na haiwezi kuwa vingine, kwa sababu bunduki humsukuma mpigaji begani kwa kadiri isiyopungua ile risasi impigayo mnyama. Kama risasi ingaliweza kumtupa nyati chini kwa kishindo, ingalimtupa na mpigaji kwanza.

Basi mnyama hafi kwa kusukumwa. Hufa kwa sababu risasi imefika mahali fulani ndani ya mwili wake na kuharibu kitu ambacho hawezi kuishi bila hicho. Ikivunja ubongo au uti wa mgongo wa shingoni, huanguka papo hapo. Ikitoboa moyo, au mapafu yote mawili, au mishipa mikubwa iliyo juu ya moyo, damu humwishia. Hata hivyo ubongo hubaki na hewa ya kutosha kwa sekunde 10 au 15, na katika muda huo nyati aweza kukimbia mita 100 au zaidi, au kumfikia aliyempiga. Ndiyo maana nyati wa Taita alikimbia kwanza. Hakukimbia kwa sababu bunduki ilikuwa hafifu. Alikuwa amekwisha kufa, ila miguu yake haijapata habari.

Swali la haki basi si kwamba risasi ina nguvu kiasi gani inapotoka mtutuni. Swali ni risasi hufanya nini ikiisha kuingia mwilini. Hapa mambo mawili hushindana. La kwanza ni kina, yaani risasi isafiri mpaka ifike moyoni hata ikikuta ngozi nene, matope makavu na mfupa wa bega. La pili ni upana wa tundu. Risasi laini ina ncha ya madini yale yale ya risasi iliyo wazi, nayo ikigonga nyama hufumuka kama uyoga na kufanya tundu pana. Risasi ngumu imefunikwa kwa chuma au shaba hadi nchani. Haifumuki, hufanya tundu jembamba, lakini huenda mbali. Risasi ikifumuka mara mbili ya kipenyo chake, uso wake huwa mkubwa mara nne, na kwa hiyo husimama upesi. Anayetaka upana hutoa kina, na anayetaka kina hutoa upana. Mwindaji mwenye akili hupima mnyama wake kwanza, ndipo achague risasi. Kwa swala hutaka ile laini. Kwa kichwa cha ndovu, ambacho ubongo wake umefichwa nyuma ya mfupa mnene wenye vijumba kama sega la nyuki, hutaka ile ngumu.

Nitatoa mifano mitatu, ili mtu asidhani ya kuwa ni maneno ya karani wa Boma tu.

Mfano wa kwanza ni wa Mskoti aliyeitwa W. D. M. Bell, ambaye wenziwe walimwita "Karamojo" kwa sababu ya safari zake katika nchi ya Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua ndovu zaidi ya 1,000 katika maisha yake, na wengi wao kwa bunduki nyembamba ya .275, ambayo risasi yake ina gramu 11 tu na nguvu ya karibu jouli 2,700. Hiyo haifiki nusu ya nguvu ya bunduki kubwa za wenziwe. Alifaulu kwa sababu risasi yake ilikuwa ngumu, ndefu na nyembamba, ikaenda moja kwa moja bila kupinda, na kwa sababu alijifunza umbo la kichwa cha ndovu mpaka akajua ubongo ulipo kutoka kila upande. Simsifu kwa wingi wa ndovu aliowaua. Leo hesabu hiyo yatuhuzunisha. Wala sisemi watu wamwige. Nchi kadhaa za Afrika zenye uwindaji wa leseni zimeweka .375 kuwa kipimo cha chini kwa wanyama wa hatari, na zimefanya vyema, kwani si kila mtu ana jicho na subira ya Bell. Lakini yeye ni shahidi kwamba nguvu ndogo ikifika mahali pake hutenda kazi yote.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Mwaka 1935 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa bunduki ya .220 Swift. Risasi yake ni ndogo, gramu 3 na kidogo, lakini huenda kwa mwendo wa ajabu, zaidi ya mita 1,250 kwa sekunde. Fanya hesabu, nawe utapata karibu jouli 2,400, ambazo hazipungui sana zile za bunduki ya Bell. Je, mtu aende nayo kwa ndovu? Hapana! Imeundwa kwa wanyama waharibifu wadogo, na risasi zake nyepesi hupasuka vipande vipande mara ziingiapo nyama. Kwenye bega la nyati ingefanya kidonda kipana cha juu juu, kisha mnyama angeondoka nacho. Bunduki hizi mbili zakaribiana kwa tarakimu, lakini matokeo yake ni mbali kama mashariki na magharibi. Sababu yake ni kwamba katika hesabu ile mwendo huzidishwa mara mbili na uzito mara moja tu, kwa hiyo hesabu huipendelea risasi nyepesi yenye mbio. Ukizidisha uzito kwa mwendo mara moja tu, utaona ya kuwa ile ya Swift ni nusu tu ya ile ya Bell.

John Taylor, mwindaji aliyekaa miaka mingi katika nchi ya Msumbiji, aliyaona haya. Katika kitabu chake cha mwaka 1948 juu ya bunduki za Afrika alikataa tarakimu za nguvu, akatunga hesabu yake mwenyewe, inayozidisha uzito, mwendo na kipenyo cha risasi. Hata hesabu yake haisemi lolote juu ya jinsi risasi ilivyoundwa, na kwa hiyo nayo haitoshi. Baadaye, katika miaka ya 1980, daktari wa jeshi la Marekani aliyeitwa Martin Fackler alipiga risasi katika vipande vya ute mzito ulioundwa ufanane na nyama, akapima matundu yake. Alionyesha kwamba risasi hufanya matundu mawili. Moja hubaki, ambalo ni njia iliyopondwa na risasi yenyewe. La pili ni la muda, ambalo nyama hutanuka kisha hurudi. Mapafu na misuli huvumilia kutanuka huko kwa sehemu kubwa. Maini na ubongo ndani ya fuvu havivumilii. Akakana kabisa wazo la kwamba jouli zilizoachwa mwilini ndizo kipimo cha jeraha.

Mfano wa tatu wahusu mtu aliyejifunza kutokana na kosa lake. Mwaka 1946 John Nosler, Mmarekani, alikwenda Canada kuwinda mnyama mkubwa wa huko aitwaye moose. Bunduki yake ilikuwa na nguvu na mbio, lakini mnyama alikuwa amejipaka matope makavu, na risasi zikavunjika juu ya bega bila kuingia ndani. Nosler hakwenda kununua bunduki kubwa zaidi. Alirudi nyumbani akaunda risasi yenye vyumba viwili, ikitenganishwa katikati kwa ukuta wa shaba. Chumba cha mbele hufumuka, na cha nyuma hubaki kizima kikaendelea kwenda. Alianza kuziuza mwaka 1948, na risasi za namna hiyo zatumika hata leo. Katika miaka ya 1980 zilifuata risasi za shaba tupu zisizovunjika, ambazo zina faida nyingine: haziachi chembe za madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndani ya nyama ya kuliwa na katika mizoga iliwayo na ndege.

Tena mbona twaenda mbali? Wazee wetu walijua jambo hili kabla ya baruti kufika. Waliangulu wa nyika ya Tsavo walimwua ndovu kwa upinde mrefu na mshale wa sumu. Nguvu ya mshale ule ni sehemu ndogo mno ya nguvu ya risasi, hata bunduki hafifu kabisa ingeucheka. Lakini mwindaji alinyemelea mpaka karibu sana, akaipitisha ncha katika ngozi, na sumu ikaenda kuusimamisha moyo. Hakuuliza mshale una nguvu kiasi gani. Aliuliza utafika wapi, na ukifika utafanya nini.

Sasa nitawaambia kwa nini barua ya mkulima ilinigusa. Juu ya meza yangu ya kazi kuna kopo dogo la ugoro. Ndani yake hamna ugoro. Mna kipande cha shaba kilichopindika, chepesi kama ganda la mbegu. Nilikipokea kwa mzee niliyemwita Babu, ambaye kabla ya mwaka 1977 alikuwa mfuata nyayo katika safari za wawindaji. Alifanya kazi hiyo pamoja na ndugu yake mdogo, na Wakamba wa kizazi chao walisifiwa kwa kazi hiyo.

Siku moja ya mwaka 1966, katika nyika iliyo mashariki ya Kibwezi, walikuwa na mgeni kutoka ng'ambo aliyeleta bunduki mpya. Kila jioni mgeni aliwasomea wenziwe tarakimu za nguvu yake kutoka katika karatasi ya dukani. Bwana mwindaji aliyewaongoza alimshauri atumie bunduki ya kambi, lakini mgeni alicheka. Jioni walikuta nyati dume, amesimama mbali kidogo, bega mbele. Mgeni akapiga. Nyati akainama magoti, kila mtu akashangilia, kisha akainuka, akaingia kichakani.

Jua lilikuwa linakuchwa. Mgeni alirudishwa motokaa, na bwana mwindaji pamoja na ndugu wawili wakafuata damu, kwani ilikuwa sheria ya kazi yao ya kwamba mnyama aliyejeruhiwa haachwi. Nyati alikuwa amezunguka akasimama karibu na njia yake mwenyewe, akingoja. Alitokea ubavuni mwao kwa hatua sita. Bwana mwindaji aliwahi kupiga, na nyati akaanguka, lakini baada ya kumpitia ndugu mdogo. Alikufa kabla hawajafika kambini.

Walipomchuna nyati walikuta risasi ya mgeni imevunjika juu ya mfupa wa bega. Haikuingia zaidi ya upana wa vidole vinne. Ilikuwa risasi nyepesi iliyoundwa kwa swala, nayo ilimaliza nguvu yake yote, zile jouli zote zilizosomwa kila jioni, katika nyama ya juu. Kipande kimoja ndicho hiki nilicho nacho.

Marehemu aliacha mjane na mtoto wa miaka minne. Mtoto huyo ndiye baba yangu mzazi. Yule niliyemwita Babu ndiye aliyemlea, akamsomesha, na baadaye akatusaidia kutusomesha sisi.

Nilipokuwa kijana nilimwuliza kama alimchukia yule mgeni. Alinyamaza kitambo, akasema, "Mjukuu wangu, mgeni alikosa kwa kiburi. Lakini bwana mwindaji naye alikosa, na mimi nilikosa. Sisi watatu tulikuwa tukiijua kazi. Tulimwuliza habari ya bunduki. Hakuna hata mmoja aliyefungua ganda aulize, ni risasi gani iliyomo." Maneno hayo sijayasahau.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa barua, hukumu yangu ni hii. Jirani yako karani ana haki katika hesabu, na amekosa katika mambo yote mengine. Askari hakuwa mwoga. Alipomwona nyati amempa mgongo kwa umbali wa yadi 200, jua likichwa, alijua kwamba risasi ingepaswa kupita katika tumbo lililojaa majani kabla haijaufikia moyo, na ya kuwa hakuna bunduki ya kubebwa begani iwezayo kuahidi hivyo. Alijua pia kwamba akimjeruhi, giza lingeingia, na asubuhi mama wa kuteka maji angekutana na nyati mwenye kidonda na hasira. Kumwacha mnyama mzima usiku mmoja kulikuwa hatari ndogo kuliko kumwacha nusu mfu. Yeye aliyetukanwa jioni ndiye aliyewalinda usiku.

Wala bunduki yake haikuwa hafifu. Ile .375 ilitolewa Uingereza mwaka 1912, na imedumu zaidi ya miaka 100 kwa sababu risasi yake nzito na ndefu hufika ndani. Kitako kilichochakaa hakikumzuia. Wakulima husema mchagua jembe si mkulima, na hapa methali hiyo yafaa kwa sehemu: jembe la chuma kibovu halilimi, lakini jembe zuri la zamani mikononi mwa ajuaye shamba hulima kuliko jipya mikononi mwa mjisifu.

Kutokana na haya yote twaweza kutoa kanuni chache. Wawindaji wa leseni wa nchi jirani wazijua. Nasi tuzijue ili tuwaheshimu wazishikao. Kwanza, mtu asipige mpaka aone wazi mahali pa kupiga na ajue kilicho nyuma yake. Pili, akaribie kadiri awezavyo, kwa maana umbali hupunguza uhakika wa mkono kabla haujapunguza nguvu ya risasi. Tatu, achague risasi kwa ajili ya mnyama, si kwa ajili ya kujisifia. Nne, asichukue bunduki inayomtisha begani. Mtu anayefumba macho akiogopa kishindo atakosa, hata angekuwa na mzinga. Tano, asipige jioni asilolazimika kupiga. Sita, akimjeruhi mnyama, deni hilo ni lake mpaka limalizike, na asimtume mwingine alilipe.

Na sisi wakulima tuna sehemu yetu. Tukimwona mnyama wa hatari, tupeleke habari upesi kwa mzee wa kijiji na kwa maofisa wa wanyamapori, tuwaondoe watoto, na tusimpige mawe wala mikuki. Tusitege nyaya. Mnyama aliyekatwa mguu kwa waya, au aliyechomwa mkuki wa juu juu, ni kama nyati wa yule mgeni: amepewa maumivu bila kupewa mauti, na atamlipiza mtu asiye na hatia. Askari akija, tusimpigie kelele apige haraka. Tumwonyeshe nyayo, tumpe maji na mahali pa kulala, tumwache achague saa yake.

Haya hayahusu bunduki tu. Mara ngapi tumemsifu mtu kwa sauti yake mkutanoni, au chombo kwa tarakimu zilizoandikwa ubavuni mwake, tusiulize kazi hiyo imefika wapi? Debe tupu haliachi kuvuma. Mbolea ipimwe kwa mavuno, wala si kwa uzito wa gunia. Hali kadhalika risasi ipimwe kwa njia iliyopita ndani ya mnyama, na kwa upesi wa kufa kwake bila mateso.

Mkulima wa Taita, mwonyeshe jirani yako makala haya, nanyi mpatane. Akitaka kuona kipande cha shaba, na apite ofisini kwangu siku yoyote ya kazi, nitamfungulia kopo.

Mpaka juma lijalo, nawatakia kazi njema na usalama wa mashamba yenu.

Karani wa Boma